Moyo Mwepesi na Pilau ya Raudha

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo nimeandikishwa kukonda kwa njia ya mtandao. Sikuomba. Chanzo ni kizunguzungu kilichonishika juzi mbele ya sufuria, kwenye shughuli ya watu hapa hapa Boko. Moshi tu! Nilimweleza daktari wa zahanati kuwa ni moshi. Akanipima presha, akatazama, akanipima tena, kisha akaongea na mke wangu badala ya kuongea na mimi. Uzito umezidi, presha imepanda, moyo unabebeshwa mzigo.

Mama Raudha akatoa hukumu papo hapo. Binti yetu Raudha anaolewa tarehe ishirini na tatu. Presha isiposhuka, pilau ya harusi atapika Salumu wa Buguruni. Salumu! Mtu mwembamba kama fito, tena anapikia gesi! Mimi, Mbwana, niliyewapikia watu harusi, hitima na maulidi kutoka hapa mpaka Kunduchi, mwanangu wa pekee aolewe kwa pilau ya gesi? Thubutu.

Programu inaitwa Moyo Mwepesi. Raudha mwenyewe ndiye aliyenijazia kila kitu kwenye simu, na simu ya mama yake akaiunganisha humo nayo. Kocha ni binti mmoja, Yasmini, ambaye yuko humo humo kwenye simu. Masharti: kila sahani ninayokula niipige picha na kuituma. Jioni mazoezi mbele ya kamera. Mkononi nivae bangili ya plastiki inayohesabu hatua na mapigo ya moyo. Basi. Mtu anayesimamia masufuria matatu kwa mpigo hawezi kushindwa na bangili.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeyasoma masharti kwa makini. Wameandika sahani.

Leo nilikuwa na hitima Kunduchi. Tukakaa wanaume wanne kwenye sinia moja, kama inavyotakiwa. Sasa, sinia si sahani. Na hata ingekuwa sahani, haikuwa yangu, ilikuwa yetu. Nipige picha chakula cha watu msibani? Nililelewa vizuri mimi. Nikala upande wangu kwa utulivu, na kidogo upande wa jirani yangu, ambaye alikuwa anaongea sana. Kabla ya hapo nilikuwa nimeonja jikoni. Kuonja si kula, ni kazi.

Nyumbani nikapiga picha sahani yangu halali: vipande vya tango na nusu yai. Kocha Yasmini amenirudishia vimoyo vyekundu na kuwaambia wanakikundi wote waige mfano wangu. Salumu akanunue gesi nyingine.

Ijumaa, 8 Agosti

Kocha analalamika kuhusu hatua zangu. Anasema siku nzima nimetembea kama mtu aliyelazwa. Hajui kwamba mpishi husimama! Bangili haihesabu kusimama. Kasoro hiyo ni yao.

Nimepata dawa. Jovina, anayetuuzia mchicha, huzunguka na beseni lake kichwani toka asubuhi, Boko yote, na akirudi bado ana nguvu za kubishana bei. Nikampa bangili avae. Malipo ni ukoko wa pilau kila nikipata kazi. Akauliza kama hicho kitu hakina madhara. Nikamwambia ni cha afya. Mimi nimeanza kuvaa mashati ya mikono mirefu, na mama Raudha anasema nimependeza.

Jioni kocha aliandika kuwa hajawahi kuona mzee wa umri wangu akitembea vile. Wala mimi sijawahi.

Jumapili, 10 Agosti

Mazoezi ya kamera nayo nimeyamaliza. Nikaiegesha simu juu ya kabati ili waone kichwa na mabega tu. Chini nimekalia mbuzi, nakuna nazi. Ukikuna nazi vizuri, mabega yanakwenda mbele na nyuma, jasho linatoka, pumzi inasikika. Wenzangu kikundini walikuwa wanapumzika, mimi naendelea. Nazi ya pili! Kocha akawaambia wamtazame baba Raudha.

Tukala wali wa nazi. Mama Raudha alishangaa nimepata wapi muda wa kumsaidia jikoni. Amelainika. Salumu hana chake.

Jumanne, 12 Agosti

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi, ingawa mambo ni marefu.

Asubuhi nilikwenda Buguruni kuchagua mchele wa harusi. Simu niliiacha nyumbani ikichaji. Kurudi, nakuta turubai limefungwa uani kwangu. Wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Nikavua kofia. Nikamuuliza mzee aliyekaa pembeni, mgeni kwangu, nani ametutoka. Akasema ni mwenye nyumba, mpishi mmoja mnene, maskini.

Kabla sijajibu, pua yangu ikanivuta nyuma ya nyumba. Salumu! Yuko na mtungi wake wa gesi, anapikia msiba wangu. Nikachukua mwiko, nikaonja. Karafuu tupu. Nikamwambia, "Salumu, unapika pilau au unafukiza nyumba?"

Akadondosha mfuniko. Wanawake wakapiga ukelele, wawili wakakimbilia barabarani.

Ilikuwaje? Programu ilimtumia mama Raudha ujumbe kwamba haioni mapigo ya moyo wangu, anifikie haraka. Hakunipata. Akamweleza jirani, jirani akamweleza jirani, na Boko ndivyo ilivyo: wa kwanza alisikia mapigo hayaonekani, wa tatu alishafunga turubai. Walikuwa wanazunguka mahospitali kunitafuta.

Ningeweza kujitetea. Lakini Jovina akaingia na beseni, akanisalimia shikamoo mbele ya watu wote, akasema bangili yangu inamwasha, ameivua tangu asubuhi, imo chini ya mchicha.

Watu wote wakageuka kunitazama.

Nilingoja matusi. Mama Raudha hakutukana. Alikuja akaniwekea kiganja kifuani, akakiacha pale muda mrefu, kama anayesikiliza mlangoni.

"Nimeshamtuma mtu akaulizie sanda, baba Raudha," akasema. "Mie sitaki pilau yako. Nakutaka wewe."

Macho yakaniwasha. Ningesema ni moshi, lakini Salumu anapikia gesi.

Jumatano, 13 Agosti

Presha imepimwa. Iko juu. Pilau ya harusi amepewa Salumu. Mama Raudha sasa ananifunga bangili mwenyewe kila alfajiri na kunitazama nikitembea mpaka kona ya msikiti na kurudi. Kocha Yasmini ameniandikia kwa upole, hakuna vimoyo. Halafu kwenye masharti, baada ya neno sahani, ameongeza "au sinia".

Nimekubali yote. Kwa moyo mmoja. Naona aibu kweli, na nimemwahidi mke wangu sitamtia hofu tena.

Jumapili, 24 Agosti

Jana Raudha kaolewa. Alhamdulillahi. Pilau kapika Salumu. Hivyo ndivyo wanavyojua watu.

Tulielewana mapema, nyuma ya banda la kupikia. Kwa miaka mingi Salumu ameitamani siri ya bizari yangu. Nikampa. Yeye akanipa mwiko, akavaa bangili yangu, akakaa kwenye kiti kivulini kama bwana shamba. Mama Raudha kule mbele alikuwa anachungulia simu kila mara, na kila mara moyo wa mumewe ulikuwa umetulia. Sikumtia hofu hata kidogo. Ahadi ni ahadi. Nilipumzika mara kadhaa nikiwa nimeshika nguzo, kwa sababu ya joto. Gesi ina joto kali sana.

Sinia la bibi harusi lilipofika, Raudha alionja tonge moja. Akasita. Akaangaza macho ukumbini mpaka akanipata nimesimama mlangoni na kanzu yangu, nikijifanya mgeni. Akacheka huku analia. Akamega tonge la pili.

Leo asubuhi kocha Yasmini ameleta vimoyo vyekundu vingi. Anasema mapigo yangu ya jana ni ya kijana mwembamba, na kwamba hatimaye nimeielewa programu. Nikampa mama Raudha asome mwenyewe. Amefurahi mpaka kaniruhusu kiporo kidogo.

Nimekilia kwenye mfuniko wa sufuria. Mfuniko si sahani, wala si sinia.