Mkwe Tunayemjua Mgongo Tu

South End, Louisville
Mwisho wa Agosti, 2015

Kwako Bwana Kocha wa timu ya taifa ya raga, Wales,

Natumaini u mzima. Mimi ni Festus Mutwiri, babake Kendi, yule mwanafunzi wa tiba ya viungo huko Cardiff aliyelihudumia goti la winga wako, Emlyn Treharne, mpaka wakapendana. Kwa heshima zote, naomba umwache kijana huyu nje ya timu. Kwetu Wameru, hata sisi tunaoishi huku Marekani, mwanamume huja mwenyewe na wazee wake kujitambulisha kwa kina msichana. Bila hivyo hakuna harusi, na harusi ni Desemba. Malalamiko yangu ni haya:

1. Februari, Emlyn alipokuwa aje kujitambulisha, ndugu yangu Hesbon aliomba ruhusa kiwandani Buffalo, akaendesha gari kwenye theluji, akampitia msemaji wetu Kamau kule Whitehall. Hata makoti hawajavua, tukaambiwa winga mwingine ameumia na Emlyn ameitwa. "Sasa tumekuja kuona nani?" Kamau aliuliza.

2. Juni, kambi ya mazoezi. Hesbon alikuja tena. Bosi wake anauliza ni harusi gani hii isiyo na bwana harusi.

3. Mbuzi wa kumkaribisha yuko kwenye friza tangu Februari. Mke wangu hana pa kuweka samaki.

4. Kijana alituma video ili ajitambulishe. Dakika nne nzima anakimbia na mpira, nasi tunaona mgongo na namba kumi na nne. Wazee wamekataa.

Ukishindwa kumwacha, mwombe acheze vibaya kidogo. Hilo nalo likishindikana, njooni nyote. Babake Emlyn alishafariki, kwa hiyo wale wanane wanaosukumana kwenye skramu watasimama kama wazee wake, nawe utakuwa msemaji. Kendi ameniambia, "Dad, please, usitume hiyo barua." Naituma kwa sababu nampenda, na naogopa Desemba itafika kabla mtu hajabisha mlango huu.

Wasalimie wachezaji wote, mpishi wa kambi, na mamake Emlyn.

Ni mimi ninayengoja sebuleni na suti yangu,
Festus Mutwiri

N.B. Kabla sijabandika stempu, Kendi amepiga simu akilia: umemwacha Emlyn nje ya kikosi cha Kombe la Dunia. Bwana Kocha, kweli umefikiri? Mtu anayekimbia vile! Hesbon ameshindwa kula. Kamau anasema hata kwa mgongo tu kijana anaonekana mwenye adabu. Mrudishe mara moja. Emlyn mwenyewe amesema sasa ana nafasi, anaweza kufika hapa Jumamosi na wazee wake. Nimemwambia asithubutu kupanda ndege. Akae karibu na simu, huenda ukamwita.