Kikwembe cha Mounira na Mbwa wa Theluji

Tegeni masikio, enyi wa Kasongo na wa Nyangwe, nanyi mlioko Kabambare mnaongoja barabara ikauke. Tueni mizigo, epueni bugali, mpeni mtoto ziwa anyamaze, kwani habari ninayoileta haisikilizwi kwa sikio moja. Nitasimulia jinsi mwanamke mmoja, asiye na mkuki wala ngao, alivyosimama kati ya haya ya ukoo na mwanga wa televisheni, wala asirudi nyuma. Nawe batiri, uliyeshiba jua mchana kutwa juu ya mabati yetu, nikopeshe nguvu zako kidogo, usinizimie katikati ya maneno kama ulivyozoea.

Palikuwa na ua, na ua ule ni wa Muzee Sumaili, bwana wa chumvi na sabuni, ambaye fimbo yake inajulikana na kila mbwa anayethubutu kupita mbele ya duka lake. Ndani ya ua palikuwa na televisheni. Haikuwa kubwa, tena pembe moja ilikuwa na ufa, lakini ilipowashwa baada ya magaribi majirani walikuja kila mmoja na kiti chake, na ua ukageuka baraza ya wafalme. Mimi ni mke wa mwanawe mkubwa. Nilikuwapo, na binti yangu Malaika mapajani, kwa hiyo haya sikuambiwa, niliyaona.

Sasa mjueni shujaa wetu: Mounira binti Kabambare, mrefu wa shingo, mwepesi wa kicheko, mshinda matope, aliyeletwa kwa pikipiki katika njia ambayo hata mbuzi huifikiria kwanza ndipo aipite. Aliolewa na Djamali, shemeji yangu mdogo, na kabla hina haijafutika miguuni, Djamali akaenda machimboni kutafuta dhahabu. Akabaki Mounira kati yetu, mgeni katika jiko lisilo lake. Alitwanga sombe ya majani ya muhogo, aliteka maji, alifagia. Na kwa Muzee hakusema neno, maana ndiyo desturi ya nyumba yetu: bibi arusi hazungumzi na baba mkwe uso kwa uso, bali maneno yake huyapitisha kwa mama mkwe, kama mtu avushaye mzigo kwa mtumbwi wa mwenzake. Saa moja tu katika siku ilikuwa yake, nayo ni saa ya televisheni. Hapo alicheka nasi, alibishana nasi, aliusahau ugeni. Nilikuwa nikimtazama ule mwanga ukimpiga usoni, nasema moyoni, huyu Mungu akipenda atakaa.

Ndipo msiba ukashuka. Jioni moja tulikuwa tunaangalia seri ya matajiri, mchezo wa kila jioni wenye nyumba ya ngazi ndefu, na daktari na wakili wake wakaingia jikoni, wakaacha kuzungumza. Walipoacha kuzungumza tulipaswa kujua. Hatukujua. Wakasogeleana, na kinywa kikafika kinywani mbele ya baba mkwe na wake za wanawe. Muzee akapaliwa na chai. Mounira akajifunika uso akakimbia asikokuona, akaipiga teke sufuria ya sombe, kuku wakala karamu ambayo hawakualikwa.

Muzee akasimama, akaongea kama mtu anayefunga mlango wa mji.

“Nyamazeni bote. Mimi baba yenu nimeona vita, nimeona njaa, nimeona Lualaba ikipanda mpaka shambani. Lakini sijaona mutu kubusu mutu mbele ya muke wa mutoto wangu. Kama itarudi tena, hata kidogo, hii televisheni itaenda kulala dukani juu ya mifuko ya chumvi, iwaimbie panya. Nimesema.”

Wala hakuwa anatania. Na usiku ule Mounira hakula.

Kesho yake baraza la vita lilikutana jikoni. Alikuwapo Mama Safia, mama mkwe wetu, mwenye neno la mwisho katika mambo yote ambayo Muzee anadhani ameyaamua yeye. Alikuwapo Honorine, jirani, mlaji wa vitabu vya mapenzi, ambaye kila jioni hututafsiria Kifaransa cha televisheni bila malipo isipokuwa kiti cha mbele. Tulikuwa tunachambua mchele, tukitafuta cha kuangalia kisichomuua Muzee.

Honorine akaanza. “Ile seri mimi nimeichoka. Daktari wa mule hatibu mutu. Tangu imeanza hajashika hata sindano. Anapanda ngazi, analia, anashuka ngazi. Na katika nyumba ya ngazi namna ile, lazima mutu ataanguka, ataamuka amesahau jina lake, na sisi tutaanza upya kumufundisha.”

“Mama mkwe wa mule namupenda,” akasema Mama Safia. “Bote banamusema ni mubaya. Mimi naona iko peke yake na akili.”

Mounira na mimi tukainamia mchele.

“Basi niwasomee romani,” akasema Honorine, akatoa kitabu kifuani kama mtu achomoaye upanga. “Hii ni tamu. Bwana wake iko murefu, macho ya kijivu, farasi, shamba lisilo na mwisho.”

“Na ndugu zake?” akauliza Mounira.

“Hana ndugu.”

“Hata shangazi?”

“Hata shangazi.”

“Sasa mahari ilipelekwa na nani?”

“Haikupelekwa. Alimutazama binti dirishani, na binti akaacha vyote akamufuata.”

Mounira akaweka ungo chini. “Mama Honorine, mimi nakuheshimu. Lakini hayo si mapenzi, huo ni wizi. Kwetu Kabambare wangekuwa wameshamufunga kamba.”

“Na ukifika pale pa kubusiana,” nikasema mimi, “utasoma nini mbele ya Muzee?”

“Nitakohoa.”

Mama Safia akakichukua kitabu, akakipima uzito mkononi. “Kwa unene huu, dada, utakufa na kifua.”

Basi tukakata shauri: filamu ya familia. Tukamwendea Wenceslas, yule anayejaza watu filamu katika fulashi kando ya soko, mlinzi wa hazina zote za ulimwengu katika kibanda kisichotosha mbuzi wawili. Akatuonyesha picha: mbwa mkubwa, watoto wenye kofia za sufu, theluji mpaka magotini.

“Bamama,” akasema, mkono juu ya moyo, “hii imamu na padri wanaweza kuikalia benchi moja, na hakuna atakayegeuza uso.”

Tulirudi tukiimba. Ni Mounira tu hakuimba. Njiani alinishika kiwiko.

“Dada, mimi sina imani. Wale watoto wa picha, mama yao simuoni. Mama kama hayuko, baba iko. Na baba kama iko peke yake, iko anatafuta.”

Silaha zilikuwa haba. Telekomande, ile ya kuzimia kwa mbali, ilikuwa imekufa siku nyingi, watoto waliipika katika mchezo wao wa jikoni, na kitufe cha televisheni yenyewe kilikuwa kimezama ndani, kinatafutwa kwa msumari na mtu mwenye subira. Hapo Mounira akaingia chumbani, akatoka na kikwembe chake cha arusi, kitenge cha kijani chenye majogoo mekundu, akakikunja mapajani, akaketi karibu na televisheni kuliko wote, hata Honorine akanung’unika kwamba amechukuliwa ukuu wake.

Filamu ikaanza. Muzee alikuwa amegeuza kiti upande, tasbihi mkononi, kuonyesha kwamba yupo lakini haangalii. “Mbwa ni mbwa,” alisema. Lakini familia ile ikahama, ikamsahau mbwa mlimani, na mbwa akaamua kurudi kwa miguu. Akavuka mto ulioganda. Akalala chini ya mzizi. Mguu wake ukanaswa na chuma cha wawindaji, akavuta, akavuta, akatoka. Nilitazama: tasbihi imesimama, na kile kiti, sijui saa ngapi, kilikuwa kimegeuka mbele.

“Anasema nini?” akauliza Muzee.

“Hasemi kitu, Muzee,” akajibu Honorine. “Ni mbwa.”

Sasa, yule baba wa watoto alikuwa mjane, na shule ya watoto ilikuwa na mwalimu wa kike, na mwalimu alikuwa na nywele. Alikuja mlangoni kuleta supu. Piano ikaanza kulia taratibu. Mwalimu akavua glavu moja, halafu ya pili. Wala hakuna mtu wa ua ule aliyeshtuka, tumelegea wote kwa ajili ya mbwa, ila mmoja.

Akainuka Mounira, kama ukuta uinukavyo. Akamgeukia mama mkwe, maana desturi ni desturi hata vitani, akanena:

“Mama, unisamehe. Umwambie Baba asikasirike. Hapa njia iko na matope, tutapita na kikwembe.”

“Anasema mupite na kikwembe,” akavusha Mama Safia.

“Nimesikia,” akasema Muzee.

Na majogoo mekundu yakafunguka. Akanyoosha mikono yote miwili, mgongo kwa televisheni, uso kwetu, akaifunika theluji yote na mlango na supu, ikabaki sauti tu. Piano ikaendelea. Watu wa baridi, kumbe, hawana haraka. Mikono ya Mounira ikaanza kuelemewa kama ya mtu aliyebeba mtungi bila kata, na bado piano, na bado, na Malaika wangu akaacha kunyonya ili asikilize.

Ndipo, nyuma ya kikwembe, ukasikika mlio. Mmoja, mdogo, wa koo lililochoka.

Muzee akanyanyuka nusu. “Ni yeye?”

Akaigonga fimbo chini.

“Honorine, nauliza, ni yeye?”

“Mimi natafsiri Kifaransa, Muzee. Kubweka sikusomea.”

Tazameni sasa mtego ulivyomzunguka Mounira. Akishusha kikwembe, Muzee ataona vinywa, na televisheni itaamkia kwenye chumvi. Asiposhusha, Muzee ambaye amevuka mlima wote na yule mbwa atakosa kumwona akifika. Ni mtu mmoja tu katika Kasongo nzima aliyeweza kugeuza shingo na kujua. Akageuza. Akaona. Akamtafuta Mama Safia avushe neno, na Mama Safia alikuwa amejizika katika shela yake, mabega yanaruka, sijui ni kilio sijui ni kicheko. Mtumbwi haukuwapo. Ng’ambo ya pili alikuwa amesimama mzee, anangoja.

Mounira akavuka kwa miguu yake.

“Amefika, Baba.”

Ua wote ukamgeukia. Hata kuku.

Muzee akamtazama. Tangu aingie nyumba ile, nadhani, hakuwa amemtazama machoni. “Muzima?”

“Anachechemea. Lakini mukia unatikisika.”

“Watoto wamemuona?”

“Mudogo amemuona. Amemukamata shingo, analia.”

“Na baba yao?”

Mounira akageuza shingo tena, akachukua muda, akarudisha uso. “Baba yao, Baba, bado iko na kazi.”

Naapa nilimwona Muzee akijaribu. Alikaza midomo, alishika fimbo. Kisha kicheko kikamshinda, kikamwangusha kitini, tasbihi ikaporomoka chini, na sisi wote tukaanguka naye, Honorine amemshikilia Mama Safia, Mama Safia amenishikilia mimi.

“Mwache amalize,” akasema Muzee, akifuta macho kwa upindo wa kanzu. “Mwache amalize, mujane wa watu. Wewe niambie tu mbwa. Wamemupa maji?”

“Wanamupa supu ya mwalimu.”

“Vizuri. Na mguu, wameufunga?”

“Bado, Baba.”

“Wafunge,” akasema Muzee kwa watu wale wa theluji. Kisha akamwambia Mounira, “Shusha mikono ikichoka, binti yangu. Hii televisheni iko hapa, haiendi popote.”

Basi na isimuliwe Kasongo na Nyangwe, na wenye pikipiki waipeleke Kabambare kwa mama yake mzazi, asikie. Wako waliovuka mito mikubwa wakasifiwa, wako waliojenga ngome. Huyu alinyoosha mikono, na mji ukasalimika. Asubuhi Muzee akienda dukani alisimama mlango wa jiko, akampita Mama Safia kwa macho, akasema, “Mounira, leo kuna nini?” Naye Mounira, unga mpaka viwikoni, akamwambia kuna seri ya askari lakini haina kichwa, na kuna nyingine ya paka. Wakabishana pale mlangoni mpaka bugali ikaungua. Hivyo ndivyo Mounira binti Kabambare alivyoolewa katika nyumba ya Sumaili. Ile siku ya hina ilikuwa ni kuvaa na kupambwa tu.