Nilivyomfuta Mama Mkwe kwenye Orodha ya Mwani

Jamani, mwenzenu leo uso sina. Nimeuacha Kengeja, kwenye ukumbi wa chama cha wakulima wa mwani, mbele ya akina mama karibu mia mbili. Kama kuna mtu anapita huko, tafadhali anichukulie.

Kwa wasionijua vizuri: mimi Othman, miaka kumi na mmoja nilikuwa mkaguzi wa hesabu. Ile kazi ya kuingia ofisini kwa watu na kalamu nyekundu. Unasema "Assalaam alaykum", wanakuitikia huku wanafunga madroo. Nilichoka! Watu walikuwa wakiniona njiani wanakumbuka kuwa wana safari upande mwingine. Basi mwaka jana nikajifunza uchambuzi wa takwimu, nikaaga ukaguzi, nikapata kazi kwenye mradi mmoja wa mwani hapa hapa Pemba. Majaribio miezi mitatu. Miezi mitatu yenyewe inaisha wiki hii.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuonesha nilichofanya. (Mke wangu Zuwena alinipigia pasi shati mara mbili.)

Kazi haikuwa ngumu. Nichukue daftari la wanachama, niliingize kwenye kompyuta, nitoe chati za rangi, na nitoe orodha ya kugawia kamba mpya za kufungia mwani na viatu vya mpira. Gari la kamba lilikuwa linakuja leo leo. Usipokuwemo kwenye orodha, hupati kamba. Usipopata kamba, msimu huu unawatazama wenzako wanalima.

Daftari aliliandika mwenyekiti wao, Bi Raya, kwa mkono wake. Mbele ya kila jina ameweka lakabu. Fatma Khamis Ali, Baiskeli. Fatma Khamis Ali, Kisigino. Fatma Khamis Ali, Kelele. Mimi, na usomi wangu mpya, nikaona lakabu ni uchafu. Nikafuta safu nzima. (Nyingine nilidhani ni matusi.) Kisha nikaiamuru kompyuta iondoe majina yaliyojirudia. Ikaondoa thelathini na manne, kufumba na kufumbua.

Mtu mwingine angejiuliza kulikoni. Mimi damu ya ukaguzi ikachemka. Nikajiambia, hao ni wanachama hewa! Othman, umewakamata!

Na sikumwambia mtu. Nilitaka iwe zawadi.

Saa nne asubuhi ukumbi umejaa. Bosi wangu, Bwana Seif, katoka mjini Chake na projekta yake. Nikaanza na chati za mavuno. Zikapendeza. Akina mama wakanyoosheana vidole, wakaulizana nani ndiye ile rangi ya kijani. Nikaona mambo si haya? Nikajisahau. Nikapandisha sauti.

"Na sasa," nikasema, "katika uchambuzi wangu nimegundua jambo zito. Chama hiki kina wanachama hewa thelathini na wanne!"

Vidole vyote vikashuka. (Nikadhani ni mshangao kwa uhodari wangu.) Bwana Seif akakaa sawa kwenye kiti. Bi Raya akavua miwani.

"Hewa ndo nini, mwanangu?"

"Watu wasiokuwepo, Bi Raya. Majina matupu. Nimeshayafuta yote, msiwe na wasiwasi."

"Ehee. Hebu tutajie moja."

Hapo ndipo ningesema nina kikohozi nikaenda zangu. Lakini wapi! Nikasoma kwa sauti ile ile niliyokuwa nikisomea ripoti za ukaguzi.

"Fatma Khamis Ali. Ameandikwa mara tano. Mara tano!"

Bi Raya hata hakugeuka. Alinyanyua mkono tu.

"Enyi akina Fatma Khamis Ali. Simameni."

Akasimama mmoja, amebeba mtoto. Akasimama wa pili. Wa tatu akasimama huku keshaanza kusema, na nikajua bila kuambiwa kwamba huyo ndiye Kelele. Wa nne akanipungia mkono, maskini, kwa upole kabisa.

Nilikuwa bado natafuta pa kuingia. Nikajitetea, "Haya, hao ni wanne. Wa tano yuko wapi?"

(Ulimi huu, Mungu ausamehe.)

Nyuma kabisa kiti kikalia. Mtu anajiinua taratibu, magoti yanambishia. Kwanza nikaona ushungi. Kisha nikasikia "bismillahi" ya kushikia ukuta. Ile bismillahi naijua. Naisikia kila Ijumaa akinyanyuka mkekani.

Mama mkwe wangu.

Sasa msinihukumu haraka. Mimi mama yake Zuwena namwita Mama. Tangu nioe ni Mama. Majirani wanamwita Bi Kidoti. Kwenye ndoa lilisomwa jina la baba, la mama halikusomwa, na mimi ningeanzaje kumuuliza mkwe wangu jina lake? Najua analima mwani. Jina lake la daftarini nimelijua leo saa nne na nusu, na watu mia mbili wakiwa mashahidi.

"Othman, mwanangu," akaita.

"Naam, Mama."

"Jana kwangu umekula pweza kwa muhogo."

"Nimekula, Mama."

"Ukaongeza."

"Nikaongeza, Mama."

"Alokupakulia ni hewa?"

Ukumbi ukalipuka. Nimewahi kusikia watu wakicheka, lakini si hivi. Kuna mama alijifunika kanga uso mzima. Mwengine alitoka nje kabisa, akacheka huko, akarudi, akanitazama, akatoka tena. Kelele akawa anapita viti kwa viti akishika watu mabega na kuwauliza, "Weye upo? Hebu n'shike, miye n'po?"

Nikasema kompyuta ndiyo iliyokosea. Bi Raya akaniuliza kompyuta iliingia peke yake mle daftarini, au kuna mtu aliipeleka?

Bwana Seif akanisogelea, akaninong'oneza. "Othman, ile safu ya lakabu iko wapi?"

"Nimeifuta."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nasafisha takwimu."

Akafumba macho kidogo. "Wewe ulikuwa mkaguzi mzuri sana," akasema. "Na mpaka leo bado."

Nikajua kazi imekwenda. Na nje gari la kamba linapiga honi, na mkononi nina orodha iliyowakosesha kamba wanawake thelathini na wanne, mmoja wao ndiye aliyenipa mke. Hapo kicheko chao hakikuniuma tena. Kilichoniuma ni yule Fatma aliyenipungia mkono. Angefika kwenye gari, angeambiwa hayumo, na kwa upole wake angerudi nyumbani bila kugombana na mtu.

Nikazima projekta. Nikasema, "Akina mama, nimewakosea. Mlikuwepo nyote, mimi ndiye sikuangalia. Naomba radhi, na naomba mnipe saa mbili kabla gari halijashusha."

Wakaguna. Mama mkwe, bado amesimama, akawageukia wenzake.

"Mwacheni mwanangu. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuwatia watu khofu. Hino ya sasa ndo kwanza anajifunza kusalimia."

Kisha akaja mbele, kituo kwa kituo, akavuta kiti akakaa ubavuni mwangu. "Andika," akasema. "Miye n'takwambia nani nani."

Tukaandika. Kila mmoja alipita na jina lake, lakabu yake, na mtaa anaokaa. Kisigino kanionesha na kisigino chenyewe, ili nisisahau. Mama mkwe alikuwa akinieleza kila mtu na ukoo wake, nani dada wa nani, nani alimnyonyesha nani. Habari zile kwenye kozi yangu hazikuwemo, na ningejifunza wapi? Saa nane kasorobo orodha ikakamilika. Kamba zikagawiwa. Hakukosa mtu.

Bwana Seif aliisoma orodha mpya yote, mstari kwa mstari. Akaniongezea mwezi mmoja wa majaribio. (Alikuwa bado anafuta machozi, na hayakuwa ya huzuni.)

Nikafunga kompyuta, nikaaga. Nafika mlangoni, Bi Raya akaniita.

"Mwanangu, umetuandika sote na lakabu. Na weye je? Akina Othman hapa ni wengi."

"Mimi sina, Bi Raya."

"Unayo," akasema Kelele, na ukumbi mzima ukamalizia kwa pamoja, kama waliokwisha kupiga kura:

"Bwana Raba!"

Raba ya kufutia penseli, ndugu zangu.

Kwenye mkataba naitwa mchambuzi wa takwimu. Kutoka Kengeja mpaka Chake, tangu alasiri, hakuna anayemjua mtu huyo. Basi nawaombeni nyinyi rafiki zangu, msicheke, na mkishindwa kujizuia, chekeni huku mkiniita Othman.