Likizo Yangu na Mota Isiyotoka

Kwako Bosi, mwenye karakana ya boti,

Shikamoo. Mimi ni yule fundi wa bolti, ninayelala chumba cha nyuma ya stoo ya rangi. Nakuandikia kwa sababu siku hizi ukiniona unageuza njia, na barua huwezi kuigeuzia njia ikishafika mezani.

Nalalamika kwamba naadhibiwa kwa kufanya kazi vizuri. Maelezo ni haya:

1. Ile mota ndogo ya umeme ya kwanza, ya kusogeza boti yako ya kuvulia polepole bila kushtua samaki, ilifungwa na shemeji yako kwa skrubu nne za mbao. Sasa iko chini ya ziwa. Shemeji yuko ofisini, kwenye kiti cha kuzunguka.

2. Ulipoleta ya pili uliniambia mbele ya watu wote, "Wewe, ifunge hii isitoke hata akija shetani na spana yake." Nilitii. Nilitoboa sitaha ya mbele matundu sita, chini yake nikaweka bamba la chuma, juu mpira wa kuzuia mtikisiko, kisha bolti, washa na nati. Karatasi ya maelekezo inasema nati zikae chini. Mimi nikaziweka juu, ili niwe naziona. Kuna pia pini ya kuchomoa mota haraka. Hiyo sikuielewa. Kitu kinachotakiwa kisitoke kina pini ya kutokea ya nini? Nikapitisha bolti ya saba hapo. Nati zote nikazipaka gundi ya kuchanganya, ile iliyomnasa mwenzetu mpaka rangi vidole viwili siku nzima.

3. Jioni ukasema mota itolewe ikalale stoo, wezi wamezidi. Haikutoka. Tulivuta watu watano, boti ikanyanyuka, mota palepale. Badala ya kunipongeza ukasema, "Huendi likizo mpaka hiyo mota itoke." Mpaka rangi akaniuliza, "Kaka, ulifunga mota au ulijifunga mwenyewe?" Wanacheka hadi leo.

4. Mwaka wa tatu huu sijaenda nyumbani. Mwanangu wa mwisho nilimwacha tumboni. Sasa anaongea, na mama yake anasema akiiona simu anaiita baba. Sina ugomvi na simu, Bosi, lakini naona imenizidi cheo.

5. Kwa hiyo naomba boti nzima iingizwe stoo na mota yake, nami niende. Mlango ukiwa mdogo, ubomolewe. Stoo ikiwa ndogo, shemeji atoe kiti chake, boti ikae ofisini. Yakishindikana yote, niruhusiwe kusafiri na boti, nikae na wanangu huku nikiendelea kujaribu kuitoa.

6. Kuhusu wezi, lala usingizi. Naweka sahihi yangu hapa kwamba hakuna binadamu awezaye kuitoa mota ile. Mwizi huyo hajazaliwa, na akizaliwa itabidi asome kwanza.

Nisalimie mama watoto, watoto wote, mlinzi wa getini, na shemeji, upande wowote atakaokuwa amezungukia.

Ni mimi mtiifu wako, ambaye begi lake limefungwa tangu mwezi uliopita,

Fundi wa bolti

Nyongeza: Nilipokuwa ndani naandika haya, wenzangu wameenda kula, mota imeibwa. Nati saba zimepangwa mstari juu ya sitaha, kila moja na washa yake, na kando kuna birika letu la chai, bado la moto. Kumbe gundi ile ilikuwa inataka maji ya kuchemka tu. Spana ni yangu. Mtu huyo akipatikana usimpeleke polisi, mpe nafasi yangu, anaijua kazi. Wewe ulisema siendi mpaka mota itoke, na mota imetoka. Basi langu ni la saa kumi.