Mbuzi Watatu kwenye Jina la Mama

Leo aibu imenishukia mchana kweupe, mbele ya mtaa wetu wote wa Rubondo. Nawahadithia mwenyewe kabla majirani hawajaniwahi.

Mnajua mimi ndiye mtu wa kompyuta huku kwetu Nakivale, kambi ya wakimbizi hapa Uganda. (Najiita hivyo. Hakuna aliyebisha.) Basi leo wamama waliomaliza mafunzo ya kushona walikuwa wanapokea vyeti, na mama yangu, Ester, ni mmoja wao. Wakaniomba niwaandalie orodha ya majina, mgeni wa heshima aisome. Mwingine angeandika kwa kalamu, akamaliza. Mimi? Nikasema naitengenezea programu kwa PHP, lugha ya kompyuta!

Asubuhi nilikuwa mjini Mbarara, mtaa wa Ruti, kwenye kafe ya intaneti. Shida ilikuwa moja: majina hayalingani urefu, kwa hiyo safu ya pili, ya namba za vyeti, ilikuwa inayumba kama mlevi. Dawa yake ni amri inayoitwa str_pad. Unaiambia: kila jina liwe na herufi ishirini, likipungua jazia nafasi tupu mwishoni. Lakini nafasi tupu haionekani! Ili nihakikishe kweli inajaza, nikaweka kwanza neno la majaribio. Nje ya dirisha kulikuwa na mbuzi anatafuna boksi. Nikaandika "mbuzi".

Ikakubali! Mistari ikanyooka kama gwaride. Nikafuta "mbuzi", nikaweka nafasi tupu, nikachapisha, nikatia karatasi kwenye bahasha na kuifunga kwa gundi. (Nilisahau kitu kidogo tu: kusevu kabla ya kuchapisha.)

Nilipofika nyumbani mama akaniuliza, "Umesoma tena ile karatasi?"

"Mama, kompyuta haikosei!"

Mgeni alikuwa afande kutoka kambi ya jeshi ya Mbarara. Mke wake ndiye aliyewafundisha wamama kushona. Akachana bahasha, akakohoa, akasoma kwa sauti ya gwaride:

"Mapendo Nabintumbuzi!"

Mapendo akasita, kisha akaenda. Watu wakadhani afande hajazoea majina yetu. Mimi nilimtambua yule mbuzi.

"Neema Sifambuzimbuzi!"

Kicheko kikatoka nyuma. Afande akainua macho. "Nyinyi watu ya Congo, majina yenu iko refu sana. Lakini mimi nasoma yote. Siwezi dharau mtu."

Ningekimbia mbele nimzuie. Lakini tangu nirudi nilikuwa nimewatangazia watu wote nani katengeneza orodha ile! Nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu. (Nilivaa kandambili.)

Huko chini nikakumbuka jambo la kutisha. Jina likiwa fupi, mbuzi wanaongezeka. Na jina la mama lina herufi tano tu.

Afande akavuta pumzi. "Estermbuzimbuzimbuzi!"

Uwanja ukalipuka. Mtu akalia "meee!" Mwingine akamwitikia. Mama akasimama na kitenge chake kipya, akangoja wanyamaze.

"Afande, Ester ni miye. Ile mbuzi yote ni ya mutoto wangu, ule pale anafunga kandambili."

Nikaitwa mbele. Afande akaniangalia, akaangalia karatasi.

"Wewe ndio natengeneza hii?"

"Ndiyo, afande."

"Mistari imenyooka sana. Sasa toa mbuzi, soma tena."

Akanikabidhi kipaza sauti. Nikasoma majina yote upya, bila mifugo, na kila mama akapita kuchukua cheti chake. Kila aliyepita karibu yangu alininong'onezea "meee" sikioni. Mama yangu ndiye aliyelia "meee" kwa sauti kubwa kuliko wote, kisha akanikumbatia, na wamama wakapiga vigelegele.

Nimejifunza kusevu. Naomba msinicheke. Na wewe uliyeandika "meee" kwenye maoni hapa chini hata kabla hujamaliza kusoma, nimekuona.