Mashine ya Juisi ya Marehemu Mjomba

Jamani, leo nimevuliwa nguo Kariakoo, mchana kweupe! (Suruali ninayo. Nasemea heshima.) Nawaandikia nyinyi jamaa zangu wa Masasi leo hii hii, kabla hasira haijapoa.

Mnamkumbuka marehemu mjomba Bruno, aliyekuwa akihudumia vinywaji kwenye klabu ya Wazungu hapa Dar es Salaam enzi za mkoloni. Wenzangu walirithi baiskeli, kitanda na redio. Mimi nikaachiwa dude zito la chuma lenye mkono mmoja ubavuni, limeviringishwa kwa gunia. Hakuna aliyejua ni kitu gani. Na mimi mnanijua, kitu nisichokijua hakiniachi nikalala.

Nikalisugua kwa msasa na mafuta ya taa. Kutu ikatoka, kioo kikaonekana, na nyuma ya kioo magurudumu matatu yaliyochorwa matunda! Malimau, machungwa, na tunda jekundu la duara lenye kikonyo. Hilo nikasema ni nyanya. Juu pana kitundu cha kutia sarafu ya sumni, chini pana kibakuli cha kupokelea. Nikakaa nikawaza. Mjomba alihudumia vinywaji. Matunda haya hapa. Basi unatia sumni, unavuta mkono, kinywaji kinashuka. Mashine ya juisi! (Nani anakunywa juisi ya nyanya? Wazungu, bwana.) Palikuwa pia na picha ya kengele. Hiyo nikaona ni ya kumwita mhudumu.

Nikaipeleka kwa Fundi Shaweji, anayetengeneza vyerehani Mtaa wa Sikukuu. Akaifungua mgongo, akachungulia kwa muda mrefu.

"Springi zipo, meno yapo," akasema. "Lakini juisi inapita wapi?"

"Tangi litakuwa limeibwa."

"Na hiki kibomba kilichoziba?"

"Uchafu huo, fundi. Kitie mafuta, kitazibuka chenyewe."

(Tafadhali, msiyasahau maneno yangu hayo.)

Tangi jipya tungelipata wapi, wakati hata sabuni tunaipangia foleni? Tukafunga debe la juisi ya machungwa juu, tukateremsha mpira mpaka kwenye kibakuli, tukauunganisha na mkono kwa waya. Ukivuta mkono, mpira unaachia. Nilijiona bingwa.

Sasa, Anande. Mchumba wangu huyu mnamjua kwa barua zangu. Baba yake, Mzee Elinami, ni Mchaga wa Machame, anauza vitambaa hapa Kariakoo, na ni mzee wa kanisa asiye na mchezo. Alishaniambia wazi kwamba binti yake hampi mtu ambaye shughuli yake haieleweki. Nikamjibu kifua mbele kwamba nimerithi mashine na nitauza juisi. Akasema atakuja kujionea mwenyewe Jumamosi. Jumamosi ndiyo leo.

Amekuja na suti. Anande kaja na bilauri za kuazima. Ua mzima umejaa wapangaji wenzangu, na mbele kabisa kakaa Bi Zaituni, balozi wetu wa nyumba kumi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kabla ya kuanza, tuombe."

Akavua kofia. Akaiwekea mashine mkono. Akaiombea! Aliomba ibarikiwe, izae matunda, na kila atakayeivuta asiondoke mikono mitupu. Tukaitikia amina. Fundi Shaweji, Mwislamu safi, naye akaitikia.

Nikaweka bilauri kwenye kibakuli. Mzee akatia sumni, akavuta mkono kwa heshima zote.

Krrrr! Magurudumu yakazunguka. Nyanya. Nyanya. Nyanya.

Kibomba kikazibuka.

Zikamwagika sarafu! Zilishuka kwa kelele, zikavunja bilauri, zikatapakaa ua mzima. Halafu mpira ukachomoka na juisi yote ikaruka kwenye suti ya mzee. Bi Zaituni akainama, akaokota sarafu moja, akaifuta kwa kanga.

"Ndugu, mbona juisi yako ina kichwa cha mfalme wa Kiingereza?"

"Hiyo... hiyo ni chenji, Bi Zaituni."

"Chenji ya sumni moja, ua mzima?" Akasimama. "Hii ni mashine ya kamari! Wenzako tunahimizwa kukata mirija ya unyonyaji, wewe unaifunga kwa waya!"

Ua ukaangua kicheko. Mpangaji mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Bi Zaituni akaamuru mashine ivunjwevunjwe kabla ya jua kuzama, la sivyo anapeleka kesi mbele. Fundi Shaweji hakungoja aambiwe mara mbili. Alishaona springi za kutosha vyerehani vyake vyote.

Mimi sikumwangalia hata mmoja wao. Nilikuwa namwangalia Mzee Elinami, maji ya machungwa yanamdondoka kwenye tai. Anande analia. Nikajua nimemkosa, na moyo uliniuma, siwafichi.

Mzee akanivuta pembeni, nyuma ya choo.

"Kijana."

"Naam, mzee."

"Nimeiombea kamari."

"Ndiyo, mzee. Nisamehe, mzee."

"Nikaivuta mwenyewe." Akajifuta uso. "Na nimeshinda."

Nikampangusa machicha ya chungwa begani.

"Hili likifika kanisani, uso wangu nitauweka wapi?"

"Halitafika, mzee. Naapa."

Akaniangalia kama anayepima kitambaa.

"Mtu baki hatunzi siri ya namna hii. Mkwe hutunza. Waite wazee wako waje tuzungumze posa. Upesi!"

Basi ndugu zangu, mwambieni baba afunge safari. Nimeapa kwamba sitamwambia mtu, lakini nyinyi si watu, nyinyi ni ndugu. Barua hii ichomeni, na atakayecheka asije harusini.