Vibanio Vyangu Vyavuka Mpaka

Jumatatu, 3 Machi
Umeme umekatika mara nne. Kila ukikatika, plastiki inagandia ndani ya mashine, nami nabaki kuchokonoa kwa bisibisi kama daktari wa meno. Ng'ambo ya barabara, Kampuni Kubwa inawasha taa hata chooni! Anayeuza bidhaa nchi za nje hupewa na serikali umeme usiokatika na mkopo nafuu. Wao wanatengeneza saruji, sabuni, biskuti na majeneza. Vibanio vya nguo tu ndivyo walivyoniachia.

Mama mkwe, mwenye chumba hiki cha karakana, kanipa hadi mwisho wa Aprili. Nisipopata umeme wa maana, chumba kinakuwa cha kuku wake. Basi! Nitauza nje.

Jumanne, 4 Machi
Wizarani. Afisa kanipokea vizuri mno, kanivutia hadi kiti. Akauliza nina makontena mangapi. Nikasema magunia sita. Akakirudisha kiti. Eti cheti cha muuza nje ni cha anayejaza kontena zima. Nikauliza nitalijazaje bila umeme. Akasema umeme ni wa mwenye cheti. Nikarudia swali, labda hakunisikia. Alikuwa amenisikia.

Alhamisi, 6 Machi
Dawa imepatikana! Kontena la sabuni la Kampuni Kubwa lina nafasi mlangoni. Meneja wao, yule wa kitambi, kakubali papo hapo! Magunia yangu yatasafiri kwa karatasi zake. Kwa furaha nikamwonyesha kalibu yangu ya kumiminia plastiki, na jinsi ninavyochanganya plastiki ili kibanio kisivunjike. Alikuwa anaandika kila neno. Mtu msikivu sana.

Mke wangu kauliza karatasi zina jina la nani. Nimemwambia asiniletee mkosi.

Jumatatu, 17 Machi
Vimependwa huko nje! Wanataka kontena zima! Mbio wizarani kudai cheti. Afisa kafungua daftari: mbele ya vibanio, jina la Kampuni Kubwa. Magunia yangu sita yamewavusha lengo la mwaka, na wamepewa mkopo mwingine. Nikapiga meza. Akasema kwa upole kwamba sera inawasaidia wanaouza nje. Nikafoka kwamba niliyeuza nje ni mimi. Akasema mimi niliuza ng'ambo ya barabara.

Jumatano, 30 Aprili
Mashine mpya ya Kampuni Kubwa ni ndefu kuliko karakana yangu. Inatema vibanio kutwa nzima, na madukani vinauzwa nusu ya bei yangu. Hata rangi wameniiga! Miaka saba ya jasho langu. Nimeshindwa kula.

Saa kumi mama mkwe kaingia na tenga la kuku. Mke wangu hakunicheka, na hilo ndilo limeniuma zaidi.

Ijumaa, 2 Mei
Nimeamka na wazo la ajabu! Henga ya kutundikia nguo, ya kukunja, inayoingia mfukoni mwa msafiri! Kalibu yake nimeichonga jikoni. Safari hii hakuna kubahatisha. Kosa la mwanzo lilikuwa haraka: nilimpa meneja maelezo nusunusu. Leo nimemwachia kalibu yenyewe, aende nayo nyumbani aitazame kwa nafasi. Nimemsihi asimwonyeshe mtu yeyote. Siku hizi watu ni wezi.